Mtoto Si Jibu la Mada ya Wiki

Nitasema moja kwa moja, maana hii nimeiandika mara tatu nikiwa mpole na mara tatu nikaifuta. Chalenji yetu ya picha ya kila wiki, ile ya watoto, isimame. Isimame mpaka tuibadilishe, na kama haibadiliki basi ife kabisa.

Najua wengine mtasema mimi ni mnafiki. Ni kweli nimeshinda mara mbili, bando la wiki nimelila mara mbili, na siku ya pili nilijisifu hapa hapa. Kwa hiyo msinisikilize kama mtu msafi. Nisikilizeni kama mtu aliyekuwa ndani.

Kwa wale waliojiunga juzi: Jumatatu asubuhi admin anatoa mada, neno moja tu. Maji. Shule. Njia. Mama. Njaa. Kila mtu anatoka na simu yake anapiga picha moja, lazima awemo mtoto, anaituma kabla ya Ijumaa jioni. Jumapili laiki zinahesabiwa. Mshindi anapata bando, na picha yake inachukuliwa na shirika linalotusaidia, wanaiweka kwenye kurasa zao. Wazo lenyewe mwanzoni lilikuwa zuri, sikatai. Tulichoka na wageni wanaoshuka kwenye gari saa tano, wanapiga picha mpaka saa saba, wanarudi Lilongwe kula. Tukasema safari hii tutajionyesha wenyewe. Mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Sasa nisimulie wiki ya "Njia".

Kuna mtoto jirani yetu, wa miaka kama minane. Jina lake halihusu. Siku ile alikuwa amevaa raba nyeupe alizotumiwa na mjomba wake, mpya kabisa, na alikuwa anatembea barabarani kama mtu anayekanyaga mayai ili vumbi lisizishike. Kila akipiga hatua tatu anainama anazifuta kwa mkono. Mimi nilikuwa tayari na picha kichwani tangu Jumatatu: miguu mitupu, vumbi jekundu, barabara inayopotea mbele. Nikamwita. Nikamwambia, "Vua raba kidogo nikupige picha."

Akaniangalia. "Kaka, si upige na raba?"

"Na raba nitapiga baadaye."

Akavua. Akazifunga kamba pamoja akazining'iniza shingoni. Nikamwambia hapana, zitaonekana, ziweke pembeni. Akaziweka juu ya jiwe, siyo chini. Nikampiga kutoka nyuma, kisha mbele, kisha miguu. Chaji ilikuwa imebaki kidogo, nikaondoka. Nilipogeuka alikuwa bado amezishika raba mkononi, anangoja ile ya baadaye.

Ile picha ilipata laiki 187. Chini yake niliandika "Safari ndefu kuelekea kesho", Mungu anisamehe. Na mtu mmoja wa mbali, mwenye roho nzuri, akaandika kuuliza: huyu mtoto naweza kumtumia viatu kwa njia gani? Nilicheka nikamwonyesha rafiki yangu, naye akacheka. Usiku nilikumbuka zile raba juu ya jiwe, usingizi ukakatika.

Yule mtu wa mbali nilimdanganya. Lakini aliyeumia zaidi ni mtoto. Siku ambayo yeye alikuwa na kitu, mimi nilimfanya asiwe na kitu, kwa sababu mada ilisema "Njia" na kwenye akili yangu mkimbizi wa barabarani hana viatu. Hiyo akili niliipata wapi? Si nilikulia hapa? Si najua kwamba Jumapili watoto wa Dzaleka wanapendeza kuliko watoto wa mjini? Niliipata kwenye picha za wageni, zile zile tulizosema tumezichoka.

Hapa ndipo ubaya wa chalenji ulipo. Ukimpiga picha mtoto kwa sababu amefanya kitu, amechekesha, amebeba mdogo wake mgongoni kama mtu mzima, hapo mtoto ndiye aliyeanza, na picha inamfuata. Lakini mada ikitoka Jumatatu, picha ndiyo inayoanza. Unatembea kambini unatafuta mtoto wa kuijazia. Huyu amenona sana kwa "Njaa". Huyu anacheka, ngoja anyamaze. Huyu amevaa vizuri mno. Nimemsikia mwenzetu mmoja, simtaji, akimwambia mtoto "usitabasamu, mada ni huzuni". Mtoto mwenyewe alikuwa ameshinda mechi ya mpira dakika kumi kabla.

Tukubaliane pia kuhusu laiki. Laiki hazijui kama picha ni ya kweli. Angalieni washindi wote tangu tuanze: machozi, vumbi, miguu, kidumu kikubwa kuliko mtoto. Mdada wetu mmoja alituma picha ya mtoto anayesoma kitabu huku anakula mandazi, picha nzuri sana, mwanga wake wa jioni kabisa. Ilipata laiki kumi na mbili. Wiki iliyofuata naye akatuletea machozi. Hatukumfundisha kwa maneno, tulimfundisha kwa laiki.

Haya, wiki ya "Maji". Hiyo ndiyo iliyonitoa.

Nilimpiga picha msichana kwenye pampu ya maji, ile wenyeji wa Malawi wanaita mjigo. Mnajua watoto wadogo wanavyopampu: mkono hautoshi, anaruka anauning'inia ule mpini na mwili wote. Sikumwambia avue chochote, sikumwambia anune. Picha ya kweli, uso unaonekana vizuri, anacheka. Kwa kujisifu nikaandika chini jina la upande wa kambi na pampu ipo wapi, ili watu wa kwetu waitambue.

Siku ya tatu mama yake alikuja nyumbani kwetu jioni, na simu ya jirani mkononi. Mimi nilidhani amekuja kushukuru. Nikamletea kiti. Hakukaa.

"Njo wewe ulimupiga mutoto yangu hii picha?"

"Ndiyo mama."

"Sisi tulitoka kule usiku," akasema. "Kuna watu hawakujua tulienda wapi. Sasa wanajua."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Nilifuta picha mbele yake, lakini hata yeye ambaye hakusoma alijua kufuta si kufuta: ilikuwa imeshashewa, watu wameshapiga skrinshoti, imeshaingia kwenye magrupu ya watu wa kule kule walikotoka. Yaliyofuata ni ya familia yao, sitayaandika. Nitasema tu kwamba msichana hachoti tena maji kwenye pampu ile. Anazunguka mbali, na siku nyingine haendi kabisa.

Wale mnaotusoma kutoka nje huenda mnafikiri kambi ni mahali pa kujificha. Siyo. Hapa palikuwa gereza, enzi za Kamuzu Banda walifungiwa watu wa siasa. Tangu 1994 ni kambi. Palipangiwa watu kama 10,000 hadi 12,000, sasa tumezidi 50,000. Watu wanatoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia. Aliyekukimbiza na aliyekimbia pamoja nawe wanaweza kupanga mstari mmoja. Kuna mwanamke aliyemkimbia mume, kuna familia iliyosingiziwa uchawi, kuna kijana aliyetoroka kundi la wenye silaha. Mwenye picha ya mtoto ameshampata mama.

Sasa majibu niliyopewa nilipolalamika kwenye grupu, maana nililalamika kwa adabu kabla ya kuja hapa.

La kwanza: "Sisi siyo wageni, sisi ni wakimbizi wenzao." Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu nilikuwa nalisema mimi mwenyewe. Ndiyo, ni mkimbizi. Lakini mimi nina simu, yule mtoto hana. Mimi nina jeketi ya kujitolea mgongoni. Siku ya mgao mimi ndiye nasimama na karatasi ya majina, na kila mama wa upande wetu anajua sura yangu kwa ajili ya ile karatasi. Nikimwuliza "mama, naweza kumpiga mtoto picha?", anaona jeketi kwanza ndipo anasikia swali. Mama mmoja aliwahi kunihadithia jinsi alivyotia dole gumba kwenye fomu ya ruhusa ya picha, imeandikwa Kiingereza, siku wanagawa sabuni. Akaniuliza mimi: ningekataa vipi, na sabuni ilikuwa bado mkononi mwake? Sikuwa na jibu. Tunaita hiyo ruhusa. Tena afadhali wao wana fomu. Sisi kwenye chalenji hatukuwa na fomu wala swali.

La pili: "Watoto wenyewe wanapenda." Kweli wanapenda. Ukitoa simu tu wanakuja mbio, "picha! picha!", vidole viwili juu. Wanapenda pia kudandia lori na hakuna anayewaruhusu. Lakini hebu angalieni wanapenda nini hasa. Wanakuja nyuma ya simu wajione. Wanasukumana, "mimi ni huyu! mimi ni huyu!" Tunawaonyesha sekunde mbili, kisha tunaiweka simu mfukoni tunaondoka na sura zao.

Mimi sina picha yangu hata moja ya kabla ya miaka tisa. Zilikuwepo; mama aliziweka kwenye bati la biskuti pamoja na vyeti vya baba, na bati lilibaki nyumbani siku tuliyotoka. Lakini nakumbuka nilipigwa picha nikiwa mdogo, kwenye mstari wa kuandikishwa, nimejifunika blanketi la kijivu. Mgeni alipiga, akaniambia kitu kwa Kiingereza, akaenda. Hiyo picha ipo mahali. Kwenye kompyuta ya mtu, kwenye ripoti, sijui wapi. Ndiyo sura yangu pekee ya utoto na mwenyewe sijawahi kuiona. Sasa hesabuni watoto wangapi mimi nimewafanyia vile vile kwa ajili ya bando.

Kuna mwenzetu mkubwa wa hii hadithi, mnamjua wote kwa sura. Mwaka 1984 msichana Mwafghanistani alipigwa picha na Steve McCurry kwenye kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, Pakistani. Macho ya kijani, kitambaa chekundu. Juni 1985 ikatoka mbele ya jarida la National Geographic, ikawa moja ya picha zinazojulikana zaidi duniani. Jina lake dunia haikulijua mpaka 2002, walipomtafuta wakampata: Sharbat Gula, mama mwenye watoto. Miaka kumi na saba uso unazunguka dunia bila jina. Na 2016, nchini Pakistani, alikamatwa kwa kitambulisho cha uongo, akarudishwa Afghanistani. Picha yake ilikuwa imevuka mipaka yote bila kuulizwa karatasi, yeye aliulizwa. Italia ilimpokea 2021, baada ya Kabul kuanguka. Huwa namkumbuka mtu akiniambia picha itamsaidia mtoto. Huenda. Lakini picha inaweza kupata maisha yake mazuri peke yake, na mtoto akabaki pale pale.

La tatu nalijibu kwa heshima, kwa sababu lina uzito: "Bila picha hakuna msaada." Mgao umepungua, kila mtu anaona. Mfadhili hajui Dzaleka ni nini, anataka kuona. Nakubali aone. Aone foleni, aone sufuria, aone bei ya unga sokoni, aone darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Na kama lazima aone uso, chukueni wangu. Nina miaka 24, najua kusoma fomu, naweza kusaini na naweza kukataa. Kwa nini siku zote uso wa njaa uwe wa mtu wa miaka mitano? Tunajua kwa nini. Kwa sababu wa miaka mitano haulizi inaenda wapi.

Hapo niseme na ninyi wa mashirika mnaotusoma, na najua mpo. Ninyi mna kanuni za kulinda watoto. Zimebandikwa ukutani ofisini, nimezisoma nikisubiri. Mfanyakazi wenu hawezi kuchukua picha ya mtoto bila ruhusa ya mzazi, hawezi kuandika mtoto yuko wapi, atafukuzwa. Kanuni nzuri sana. Lakini zinamfunga mfanyakazi mwenye mshahara. Mimi wa kujitolea, ninayelipwa bando, hazinifungi. Kwa hiyo picha ambayo mtu wenu hangeruhusiwa kuipiga, inapigwa na mimi, inashinda chalenji, na Jumatatu iko kwenye ukurasa wenu imeandikwa "imepigwa na vijana wakimbizi wenyewe". Sisemi mlipanga hivyo. Nasema ndivyo inavyofanya kazi, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza: huyu mtoto mama yake anajua?

Haki zipo zimeandikwa, siyo mimi ninazibuni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 16. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, kifungu cha 10. Vyote vinasema mtoto ana faragha yake. Havisemi isipokuwa mtoto wa kambini.

Na mtu asije akasema nachukia picha. Tangu 2014 Tamasha la Tumaini linafanyika hapa hapa kambini, watu wanatoka nje wanakuja kwetu, kamera kila kona, na mimi sijawahi kulalamika. Yule mcheza ngoma amejiandaa mwezi mzima, amepiga pasi nguo zake, amepanda jukwaani ili aonekane. Piga mpaka simu ijae! Hapo mtu ameamua mwenyewe aonekane vipi.

Ninachotaka mimi kwenye chalenji ni hiki. Neno "Njaa" na ndugu zake waondoke kwenye mada. Mada watoe watoto, na simu tuwape wao. Watoto wa darasa la tano wanajua kushika simu kuliko sisi. Nilimwachia mdogo wangu yangu nusu siku, akarudi na picha kumi na tisa, kumi na moja ni za mbuzi. Sawa. Ndiyo kambi yake hiyo. Laiki zisihesabiwe tena. Jina la upande wa kambi, la shule, la pampu lisiandikwe. Uso usitoke mpaka mzazi aione picha yenyewe, siyo fomu, na tumfuate siku ambayo siyo ya mgao, tukiwa tumevua jeketi. Akisema hapana leo au baada ya miezi sita, inatoka. Wengine wanapendekeza tupige migongo na mikono tu. Kwa kuanzia sawa, ila naogopa tutatengeneza kambi ya watu wasio na sura, na hiyo pia si sisi. Hapo sina jibu kamili, tubishane.

Na pesa za bando ziende kuchapisha. Picha ya kwanza ya kila mtoto iende nyumbani kwake, kwenye karatasi, ukutani. Kabla ya ukurasa wowote.

Mwezi uliopita nilirudi kwa yule mtoto wa raba. Nilimwambia nimekuja kupiga ile ya baadaye. Akacheka akasema zimeshambana, kapewa mdogo wake. "Piga mdogo," akasema. Nikawapiga wote wawili, mdogo kavaa raba ambazo sasa si nyeupe tena, mkubwa kamshika bega, mama yao amesimama mlangoni anatuangalia. Ninaichapisha kwa pesa yangu. Hapa hamtaiona.

Wiki hii mada imetoka ni "Tabasamu". Mimi simo. Admin, nimeandika haya wazi kwa sababu ujumbe wa pembeni niliotuma mara mbili haukujibiwa. Naomba jibu kabla ya mada nyingine kutoka Jumatatu.